Mashirika ya Ndege Yakiungana: Msimbo Una Njia Yake, Maili Zina Njia Yake

Tarehe 15 Januari 2009 ndege aina ya Airbus A320 iliruka kutoka uwanja wa LaGuardia, New York, ikagongana na kundi la bata bukini. Injini zote mbili zikapoteza nguvu, na rubani Chesley Sullenberger akaitua juu ya maji ya mto Hudson. Watu wote 155 waliokuwamo walinusurika. Safari hiyo inakumbukwa kwa jina la shirika lake, US Airways, na kwa namba yake, 1549. Lakini kwenye redio, rubani na waongoza ndege hawakuwa wakiiita US Airways. Waliiita "Cactus".

Cactus, yule mmea wa miiba wa jangwani, lilikuwa jina la redio la America West, shirika lenye makao yake Arizona, lililoungana na US Airways mwaka 2005. Katika muungano ule, jina la US Airways ndilo lililobaki kwenye tiketi na kwenye mbavu za ndege, na msimbo wa America West, HP, ukafutwa. Redioni ikawa kinyume chake: jina la America West likabaki, la mwenzake likanyamaza. Abiria aliyenunua tiketi ya US 1549 alikuwa anaruka, kwa mujibu wa waongoza ndege, ndani ya Cactus 1549.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo wasafiri wengi hawaelezwi. Tunaposikia shirika fulani limenunua jingine, tunadhani kila kitu kinahama siku moja: jina, namba za safari, tiketi, na maili, yaani zile pointi za zawadi ambazo shirika humpa abiria wake. Sivyo. Kila kimoja kina mwenye mamlaka juu yake, kina tarehe yake ya kufa au kurithiwa, na mara nyingi tarehe hizo zinapishana kwa miaka. Asiyejua hilo hupoteza maili alizozikusanya kwa jasho, au hufika kaunta isiyo yake.

Vitambulisho vinne vya shirika moja

Chukua Kenya Airways. Kwenye tiketi na kwenye lebo ya begi lako inaandikwa KQ. Hizo herufi mbili hutolewa na IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, na kazi yake ni biashara: kuuza nafasi, kupeleka mizigo, kuonyesha safari kwenye mbao za uwanjani. Kwenye mpango wa safari unaopelekwa kwa waongoza ndege inaandikwa KQA, herufi tatu za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa anga. Redioni rubani anajitambulisha kwa neno "Kenya" na namba ya safari. Halafu kuna kitambulisho cha nne ambacho watu hawakiangalii kabisa: tarakimu tatu zinazoanza namba ndefu ya tiketi, ile yenye tarakimu 13. Kwa Kenya Airways ni 706. Kwa Air Tanzania, yenye msimbo TC, ni 197. Tarakimu hizo zinasema ni nani aliyetoa tiketi, yaani nani amepokea fedha zako na nani anawajibika kukurudishia au kukubadilishia.

Misimbo ya herufi mbili ni michache kuliko mahitaji, hata ukiruhusu tarakimu kuchanganywa na herufi. Kwa hiyo shirika likifa au likimezwa, baada ya muda IATA inaweza kumpa mwingine msimbo ule. East African Airways, iliyobeba watu wetu tangu mwaka 1946 hadi ilipovunjika mwaka 1977, ilikuwa EC. Leo EC ni ya easyJet Europe, kampuni tanzu ya easyJet iliyosajiliwa Austria. Jambojet ya Kenya inaruka na herufi JM, ambazo zamani zilikuwa za Air Jamaica, shirika lililomezwa na Caribbean Airlines. Uganda Airlines ya zamani, iliyofungwa mwaka 2001, ilikuwa QU. Ilipofufuliwa mwaka 2019 ikapewa UR. Jina lile lile, taifa lile lile, msimbo mwingine.

Kuvunjika kwa East African Airways kulikuwa muungano uliorudi nyuma. Shirika moja liligawanyika, na Kenya na Tanzania zikaunda ya kwao mwaka ule ule wa 1977, kila moja na msimbo wake. Hapakuwa na ugomvi wa maili, kwa kuwa mipango ya maili ya aina tunayoijua ilishika kasi baada ya American Airlines kuanzisha AAdvantage mwaka 1981.

Kununua hisa peke yake hakubadilishi msimbo. KLM ilinunua asilimia 26 ya Kenya Airways mwaka 1996 na KQ ikabaki KQ. Kenya Airways nayo ilinunua asilimia 49 ya Precision Air mwaka 2003, na PW ikabaki PW. Air Tanzania ilikwenda mbali zaidi ilipoingia ubia na South African Airways mwaka 2002, kwani shirika hilo la Afrika Kusini lilichukua asilimia 49 na mifumo ya kuuza tiketi ikafungamana na ya kwake. Ubia ulipovunjika mwaka 2006, moja ya kazi zilizoikabili Air Tanzania ilikuwa kusimama tena kwa msimbo wake wa TC na tiketi zake zenye 197. Shirika lisilo na tiketi zake halikusanyi fedha zake lenyewe, na hilo kwangu ni zito kuliko rangi zilizopakwa kwenye ndege.

Kwa nini huchukua miaka

Siku mkataba unapokamilika na fedha kulipwa, abiria haoni kitu. Sheria za anga hazimruhusu mnunuzi kuendesha ndege za mwenzake kana kwamba ni zake. Kila shirika lina cheti cha uendeshaji kutoka mamlaka ya anga ya nchi yake, na cheti hicho kinahusu mafunzo ya marubani, vitabu vya matengenezo, namna ya kufunga mlango wa ndege na namna ya kukabili moshi ndani ya ndege. Mpaka mamlaka iridhike kwamba watu wa pande zote mbili wanafanya kazi kwa kitabu kimoja, vyeti vinabaki viwili. Vikiunganishwa, jina moja la redio linakufa siku hiyo. Msimbo wa tiketi hufa baadaye, wakati mifumo ya kuhifadhi nafasi inapounganishwa.

Tufuate US Airways hiyo hiyo hadi mwisho wake. Ilikamilisha muungano na American Airlines tarehe 9 Desemba 2013, baada ya Wizara ya Sheria ya Marekani kufungua kesi ya kuupinga na kisha kupatana nje ya hukumu. Tarehe 31 Machi 2014 US Airways ilitoka Star Alliance na kuingia oneworld, makundi mawili ya mashirika yanayopokeana maili. Mwishoni mwa Machi 2015 mpango wake wa maili, Dividend Miles, ukamwagwa ndani ya AAdvantage. Tarehe 8 Aprili 2015 ikatolewa hati ya cheti kimoja, na neno "Cactus" likanyamaza redioni. Tiketi zenye US ziliendelea kuuzwa na kutumika hadi tarehe 17 Oktoba 2015, siku ndege ya mwisho ilipotua ikiwa na namba 1939, mwaka ambao shirika lililozaa US Airways lilianza kuruka.

Kwa hiyo kati ya Aprili na Oktoba mwaka ule, mtu aliweza kununua tiketi ya US, akapanda ndege iliyoitwa "American" redioni, na maili zake zikaingia AAdvantage. Kwa macho ya sheria alikuwa ndani ya American Airlines. Kwa macho ya karani wa kaunta alikuwa abiria wa US Airways.

American walijifunza kutokana na wenzao. United na Continental walipounganisha mifumo yao kwa mkupuo mmoja, usiku wa kuamkia tarehe 3 Machi 2012, mashine za kujihudumia ziligoma, foleni zikajaa na simu za huduma zikazidiwa. American wakachagua njia ya taratibu. Miezi mitatu kabla ya siku ya kuhama, kila safari iliyopangwa kuruka baada ya siku hiyo iliuzwa kwa msimbo AA tu. Siku ilipofika, nafasi zenye US zilizobaki zilikuwa chache sana. Ni kazi ya ukarani isiyo na sifa magazetini, lakini ndiyo iliyowaokoa abiria wasilale kwenye sakafu za viwanja.

Anayebaki na msimbo si lazima awe mkubwa au mnunuzi. Swissair ilipofilisika mwaka 2001, shirika jipya la Swiss lilijengwa juu ya Crossair, shirika dogo la safari za karibu. Msimbo SR wa Swissair uliojulikana Nairobi na Dar es Salaam ukaachwa, na Swiss ikaja na LX ya Crossair, kwa kuwa cheti na uhalali vilikuwa vya Crossair. British Airways, iliyoundwa mwaka 1974 kwa kuunganisha BOAC na BEA, ilichukua BA ya BOAC pamoja na jina lake la redio, "Speedbird". Katika muungano wa United, msimbo UA ulibaki na CO ya Continental ikaondoka, lakini mfumo wa kompyuta ulikuwa wa Continental. Matokeo yake wanachama wa United waliamka wakiwa na namba mpya za uanachama, zilizotungwa kwa mtindo wa mpango wa Continental.

Kuna na tatizo la namba zenyewe. Namba ya safari haizidi tarakimu nne, kwa hiyo shirika lina nafasi zisizofika 10,000. Zitoe zile zinazotumika kwa safari za mashirika washirika, nafasi inabana. Mashirika mawili yanapoungana, huenda kila moja lina safari namba 955, na haziwezi kuwa mbili chini ya msimbo mmoja siku moja. Air India ilipoimeza Vistara tarehe 12 Novemba 2024, ilitumia njia rahisi: safari za iliyokuwa Vistara zilipewa tarakimu 2 mbele. UK 955 ikawa AI 2955. Abiria aliyezoea huduma ya Vistara alitambua ndege zake kwa tarakimu hiyo. Na msimbo UK wenyewe ulishapita mkono mwingine kabla ya Vistara: ulikuwa wa Air UK ya Uingereza, iliyomezwa na KLM mwishoni mwa miaka ya 1990.

Tiketi ya huyu, ndege ya yule

Kabla ya kufika kwenye maili, lazima tutenganishe muungano na ushirikiano wa misimbo, kwa maana watu wetu hukutana na huu wa pili mara nyingi zaidi. Shirika huweka msimbo wake kwenye safari inayoendeshwa na mwenzake. Unanunua KL, msimbo wa KLM, unapanda KQ. Unanunua EK, msimbo wa Emirates, unajikuta kwenye ndege ya flydubai. Emirates na flydubai zote ni mali ya serikali ya Dubai, hazijaungana, kila moja ina msimbo wake na cheti chake. Hata hivyo mwaka 2018 flydubai iliacha mpango wake wa zawadi na kuingia Skywards ya Emirates. Hapo maili ziliungana wakati mashirika hayakuungana.

Tofauti kati ya msimbo uliouziwa na shirika linaloendesha ndege ina uzito wa fedha taslimu. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inamdai fidia mwenye kuendesha ndege, bila kujali msimbo ulioandikwa kwenye tiketi. Tuseme umenunua tiketi ya KL kutoka Nairobi kwenda Amsterdam, ndege ikawa ya KLM, ikachelewa kwa kosa lake kwa saa nyingi: unaweza kudai hadi euro 600. Safari hiyo hiyo, tiketi ile ile ya KL, lakini ndege ikiwa ya Kenya Airways: sheria hiyo haikulindi, kwa sababu unatoka nje ya Ulaya na anayeendesha si shirika la Ulaya. Mstari mdogo unaosema "inaendeshwa na" ndio wa kusoma kwanza.

Maili ni ahadi iliyoandikwa kwenye vitabu vya madeni

Msimbo unasimamiwa na IATA na ICAO. Maili hazisimamiwi na chombo chochote cha aina hiyo. Ni mkataba kati yako na kampuni, na karibu kila mkataba wa namna hiyo unasema maili si mali yako, na kwamba kampuni inaweza kubadili masharti. Hata hivyo wahasibu wa kampuni hiyo hiyo wanaziandika kama wajibu ambao haujatimizwa, yaani huduma iliyokwisha kulipiwa ambayo bado wanadaiwa. Mnunuzi anaponunua shirika, ananunua na wajibu huo.

Kwa nini basi, katika miungano mikubwa ya Marekani, maili moja ya zamani iligeuka kuwa maili moja mpya bila kukatwa? Wema peke yake hautoshi kulieleza. Mpango wa maili unauza maili kwa mabenki, nayo yanawagawia wenye kadi za mkopo. Mwaka 2020, janga la korona lilipozuia ndege kuruka, United ilikopa dola bilioni 6.8 kwa kuweka rehani mpango wake wa maili, MileagePlus. Hebu fikiria: ndege zimeegeshwa jangwani, na kitu chenye thamani ya kumshawishi mkopeshaji kilikuwa orodha ya wanachama na mikataba na mabenki. Mnunuzi anayewakasirisha wanachama anachoma mali aliyoinunua. Northwest ilipoingia Delta, maili za mpango wake wa WorldPerks zilihamia SkyMiles ya Delta mwezi Oktoba 2009 bila kupunguzwa. Kwa Wakenya na Wasomali wa Minnesota waliozoea kwenda nyumbani kwa Northwest kutoka Minneapolis hadi Amsterdam, kisha kwa KLM au Kenya Airways hadi Nairobi, lilikuwa jambo kubwa. Waliokuwa na kadi za WorldPerks hawakupoteza maili hata moja.

Lakini usitulizwe na maneno "maili moja kwa maili moja". Kiwango cha kubadilisha ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni bei ya tiketi kwa maili baada ya kuhama, na hapo ndipo hasara inapojificha. Delta iliondoa hadharani jedwali la bei za tiketi za maili mwaka 2015, United ikafuata mwaka 2019. Salio lako linabaki 60,000 kama lilivyokuwa, ila kiti kinaweza kupanda bei kesho bila tangazo. Naona hili ni kosa dhidi ya wateja: ukimwahidi mtu thawabu, mwambie inagharimu kiasi gani.

Hasara nyingine, kubwa zaidi kwa msafiri wa Afrika Mashariki, ni ya ramani. Rudi tena kwa Dividend Miles ya US Airways. Ethiopian Airlines iliingia Star Alliance Desemba 2011. Kwa miaka miwili na ushei, mtu wa Charlotte au Philadelphia mwenye Dividend Miles aliweza kuzitumia kupanda Ethiopian kupitia Addis Ababa hadi Dar es Salaam, Nairobi, Entebbe, Kigali au Bujumbura. Tarehe 31 Machi 2014 mlango huo ukafungwa. Maili hazikupungua hata moja. Waliobadilika ni washirika: sasa alikuwa na Qatar Airways, iliyokuwa imeingia oneworld miezi mitano tu kabla, na British Airways. Kwa wa Nairobi haikuwa mbaya. Kwa wa Bujumbura aliyezoea Addis, maili zile zile zilikuwa zimepoteza njia yake. Hakuna taarifa ya kampuni iliyosema "tumepunguza thamani ya maili zako", na kwa hesabu tupu wasingekuwa wamesema uongo.

Ndiyo maana mimi, nikisikia muungano, swali la kwanza ninalouliza ni atakayebaki yuko kundi gani: Star Alliance, SkyTeam au oneworld. Asiana ya Korea Kusini ni ya Star Alliance, na Korean Air iliyoinunua rasmi Desemba 2024 ni ya SkyTeam. Mwenye maili za Asiana anajua wazi mlango upi utafungwa.

Kisa hicho cha Korea kinastahili kufuatiliwa kwa sababu huko serikali imeingia kati waziwazi. Mpango wa kwanza wa kuunganisha maili ulirudishwa na tume ya ushindani mwaka 2025. Mwezi Septemba mwaka huo Korean Air ikatoa pendekezo jingine: maili zilizopatikana kwa kuruka zibadilishwe maili moja kwa maili moja, zilizopatikana kwa kadi za mkopo na washirika wengine zihesabiwe 0.82 kwa kila moja, na anayetaka aachiwe maili zake za Asiana zibaki pembeni hadi miaka 10. Sababu ya 0.82 ni kwamba kadi za Asiana zilitoa maili kwa matumizi madogo kuliko kadi za Korean Air. Kuzilinganisha sawa kungemuumiza aliyekusanya Korean Air kwa gharama zaidi. Mabishano kama hayo ndiyo halisi: kila maili ina bei iliyolipwa kuipata, na bei hizo hazifanani. Alaska Airlines ilipoinunua Virgin America mwaka 2016 ilikabiliwa na swali hilo hilo kutoka upande wa pili. Kila pointi ya Virgin America ikabadilishwa kuwa maili 1.3.

Alaska hiyo hiyo ilipoinunua Hawaiian Airlines mwezi Septemba 2024, Wizara ya Uchukuzi ya Marekani iliweka sharti kabla ya kuruhusu: maili za Hawaiian zibadilishwe maili moja kwa maili moja, na zisiachwe ziishe muda kabla ya mipango kuunganishwa. Natamani mamlaka zetu za anga na tume zetu za ushindani zingeandika sharti la namna hiyo siku mashirika ya ukanda wetu yatakapoungana. Mazungumzo ya ubia na miungano barani Afrika hayaishi, na wakati wote abiria hutajwa mwishoni.

Muungano na kufilisika si kitu kimoja

Hapa watu huchanganya, na mkanganyiko huo ni ghali. Shirika likiuzwa likiwa hai, wajibu wake unahama nalo. Likifa, mpango wa maili unaweza kufa, kubaki, au kuachwa njiani. Air Berlin ilipofilisika Agosti 2017, mpango wake wa Topbonus ulifilisika siku chache baadaye na wanachama wakabaki na namba zisizonunua kitu. Jet Airways ya India ilipoacha kuruka Aprili 2019, mpango wake wa JetPrivilege uliendelea, kwa sababu ulikuwa kampuni tofauti ambayo Etihad ilimiliki zaidi ya nusu yake. Shirika lilikufa, maili zikaendelea kuishi kwa jina jipya la InterMiles.

Italia ndiyo inayonigusa zaidi. Alitalia iliruka mara ya mwisho tarehe 14 Oktoba 2021, na kesho yake ITA Airways ikaanza. Ndege zilikuwa zile zile kwa sehemu kubwa, na msimbo ulikuwa ule ule, AZ. Aliyetazama ubao wa uwanjani asingejua kilichotokea. Lakini maili za MilleMiglia hazikuvuka. Tume ya Ulaya ilitaka ITA iwe shirika jipya lisilobeba madeni ya Alitalia, na mpango wa maili ukawekwa nje ya vitu ambavyo ITA ingeruhusiwa kuvinunua. ITA ikaanzisha mpango wake, Volare, kwa salio la sifuri. Msimbo ulirithiwa, ahadi haikurithiwa. Mtu aliyeruka na AZ miaka 20 alipanda AZ tena akiwa mgeni.

Mambo ya kufanya tangazo likitoka

Kwanza kabisa, usikimbilie kumaliza maili kwa bei yoyote. Muungano huchukua mwaka mmoja hadi miwili kufika kwenye maili. Kinachohitaji haraka ni safari za washirika ambao wataondoka: kama unataka kutumia maili kwa shirika lililo kwenye kundi linaloachwa, kata tiketi kabla ya tarehe ya kutoka.

Piga picha ya skrini ya akaunti zote mbili: salio, daraja la uanachama, safari za miaka iliyopita. Kuna safari ambazo maili zake hazikuingia, na kila mpango una muda wa kuzidai, mara nyingi miezi sita hadi kumi na miwili. Zidai kabla ya kuhama. Mfumo wa zamani ukizimwa, unaweza kumkuta mhudumu ambaye hana tena pa kuangalia.

Majina ni tatizo letu hasa. Mifumo huunganisha akaunti kwa jina, tarehe ya kuzaliwa na barua pepe. Wengi wetu tuna majina matatu kwenye pasipoti, la kwetu, la baba na la babu, na tumefungua akaunti moja kwa mawili na nyingine kwa matatu. Mfumo wa shirika la Ulaya au Marekani unachukua la mwisho kuwa jina la ukoo, kisha unaona watu wawili tofauti. Rekebisha akaunti zote mbili zifanane na pasipoti, herufi kwa herufi, mapema. Kubadili jina baada ya kuunganishwa kunataka vyeti, barua na subira ya wiki nyingi.

Jua pia mpango ni wa nani. Kwa miaka mingi abiria wa Kenya Airways walikusanya maili ndani ya Flying Blue, mpango wa Air France na KLM uliozaliwa mwaka 2005 baada ya mashirika hayo mawili kuungana, kisha KQ ikaanzisha wake, Asante Rewards. Salio lililo Flying Blue linafuata masharti ya Flying Blue, hata kama kila maili ilipatikana juu ya ndege yenye bendera ya Kenya.

Na ukiwa na tiketi mkononi katikati ya kuhama, msimbo mmoja umeshafutwa na mwingine umeingia, soma zile tarakimu tatu za mwanzo za namba ya tiketi. Huyo ndiye wa kumpigia simu. Karani wa kaunta anaweza kukuambia tiketi si yao kwa kuwa namba ya safari imebadilika. Mwonyeshe namba ya tiketi, yote 13, mwombe aitafute kwa hiyo, asiitafute kwa namba ya safari wala kwa jina.